Karagwe na Le Havre: butura ya kahawa, butura ya soka

Ukitoka Bukoba kwa basi, ukapita Kyaka na kuanza kupanda milima, ujue unaingia kwa Wanyambo. Migomba kushoto, mibuni kulia, mpaka Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Mbele kidogo ni Omurushaka, njia panda ya kwenda Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Kijiweni pale nilikaribishwa kahawa ya kutafuna. Usishangae, huku robusta huchemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa kama karanga! Ubishi ulikuwa juu ya Samatta. Mtoto huyo wa Mbagala alijiunga na Le Havre ya Ufaransa Agosti 2025, na washikaji walitaka kujua: hiyo nayo ni timu?

Ni timu, tena kongwe. Inahesabu umri wake tangu 1872, ilipoanzishwa na Waingereza wa pale bandarini, bandari iliyopokea kahawa ya Wafaransa miaka na miaka. Mwaka 1959 ilibeba Kombe la Ufaransa ikiwa daraja la pili. Ubingwa wa ligi kuu ya kulipwa? Haijauonja.

Sifa yake ni kulea vijana. Pogba, Payet na Mahrez wote walipita hapo. Lakini yeye hupanda, wengine huvuna. Mahrez aliuzwa Leicester Januari 2014 kwa pauni zisizofika nusu milioni. Mwaka 2016 akawa bingwa wa England, na 2018 Manchester City wakamchukua kwa takriban pauni milioni 60!

Mzee mmoja akaguna: "Sasa kijana wangu, hiyo si butura?"

Kwa usiyejua, butura ni kuuza kahawa ingali ua mtini. Ada ya shule imebana, mlanguzi anakuja na vijisenti, mavuno yakifika magunia ni yake. Serikali imeipiga marufuku, ila shida haina masikio.

Tofauti ni hii: Le Havre wakiuza ua, wana vijana wengine wanaochipukia. Mkulima wa Nkwenda mwenye mibuni michache akiuza ua, msimu mzima umekwenda, na mwakani anaanza na deni.

Basi wewe wa mjini mwenye mzee kule, hela ya ada itume mapema. Usingoje mibuni ichanue.