Kutoka Igawa Hadi Mtera: Nikiufuata Mto Unaokauka

Saa moja asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, nilisimama pembeni ya daraja la Igawa nikiyasikiliza maji. Malori yaendayo Zambia yalipita nyuma yangu, na kila lilipotokomea moja, sauti ya mto Mbarali ilirudi: maji yakigonga mawe, mepesi, ya baridi, yametoka milimani Kipengere. Nilishuka nikanawa uso. Huo ndio mwezi ambao Usangu yote huwa ya rangi ya vumbi, na bado mto ulikuwa unatiririka.

Nilikuwa nimekuja kuyafuata maji hayo. Mbarali, pamoja na Kimani, Chimala, Ndembera na mito mingine midogo, huteremka hadi bonde la Usangu na kuulisha Ruaha Mkuu. Mwaka 1988, nikiwa darasa la tano Iringa, mwalimu wetu alitupeleka kuuona mto huo ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ilikuwa Oktoba pia. Nakumbuka viboko wakitoa masikio na pua tu juu ya maji mapana. Miaka mitano baadaye, mwishoni mwa 1993, mto ule ulisimama. Tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, safari nyingine kwa wiki kadhaa, safari nyingine kwa miezi. Nilitaka kujua maji niliyonawa Igawa huishia wapi.

Sikwenda mbali kupata sehemu ya jibu. Kutoka Rujewa hadi Ubaruku barabara inapita katikati ya mifereji. Huku kuna mashamba makubwa yaliyojengwa na serikali: Mbarali la miaka ya 1970, kisha Kapunga, kisha Madibira. Lakini mpunga ulitangulia mashamba hayo. Wabaluchi waliohamia Usangu ndio walioanza kuulima kwa kumwagilia, zamani za Waingereza, na wenyeji wakajifunza kwao. Leo mashine za kukoboa za Ubaruku hazinyamazi, na mchele wake unaonukia unapakiwa kwenda Dar es Salaam.

Kwenye banio moja dogo la kugawa maji nilimkuta mzee ameketi juu ya ukuta wa saruji, jembe limelala miguuni pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia nayafuata maji. Hakushangaa. Alinionyesha kwa kidole: mto ulifika pale ukagawanyika, sehemu kubwa ikaingia mfereji, na iliyobaki ikapenya kati ya mawe kama inayoomba radhi. Nikamuuliza shamba gani linamwagiliwa wakati huu, maana mpunga ulivunwa tangu Juni.

"Kuna bustani za mboga, kuna mahindi kidogo, na watu wa vijiji vya chini wanakunywa," alisema. "Yanayozidi yanakwenda majarubani."

"Na majarubani kuna nini?"

Alinyamaza kidogo. "Hakuna kitu. Yanalowesha tu. Ila mtu akiwahi kulowesha, atawahi kupanda, na mpunga wa mwanzo una bei." Kisha akaongeza, akinitazama usoni: "Mlango huu unafungika. Ukiufunga peke yako, jirani wa juu hajafunga, utakuwa umempa yeye tu. Sote tukikubaliana zamu, hata leo jioni nitaufunga."

Maneno hayo niliyabeba safari nzima. Mzee yule hakuwa adui wa mto. Alikuwa na watoto waliosomeshwa na mpunga, na nyumba ya bati iliyotokana na mpunga. Mimi mwenyewe nimekula wali wa Usangu tangu nizaliwe. Nikiyatazama maji yaliyotuama jarubani bila jani moja la mpunga, yakinyonywa na jua, sikuweza kusema yameibwa. Yalikuwa yameachwa tu, huku na huku, na maelfu ya mikono isiyoonana.

Siku ya pili nilizunguka kwa basi kupitia Mafinga hadi Iringa, na siku ya tatu nikashika njia ya vumbi kupita Tungamalenga kuelekea Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kilomita zipatazo 130. Askari wa hifadhi aliyenipokea alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa bonde hilohilo. Kabla ya kunipeleka mtoni alichora ardhini kwa kijiti.

"Kaka, fikiria karai," alisema. "Maji yote ya Usangu yanaingia kwenye kinamasi cha Ihefu. Pale Ng'iriama pana mwamba unaovuka mto, huo ndio ukingo wa karai. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha inatembea. Yakishuka chini yake hata kwa upana wa kiganja, hakuna kinachomwagika. Ihefu bado ina maji, lakini huku chini sisi tumekauka."

Nilielewa basi kwa nini maji kidogo yana thamani kubwa kiasi hicho. Kinachopungua juu hakipunguzi mto taratibu. Kinafika mahali mto unakatika kabisa.

Tukaenda mtoni. Nilichokiona sikukitambua. Pale nilipoacha maji mapana utotoni palikuwa na mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Tembo mmoja jike alikuwa amechimba kisima kwa mguu na mkonga, akinywa pole pole, na nyuma yake nyani na swala pala walingoja zamu yao. Mbele kidogo, kwenye kona, palisalia dimbwi moja. Viboko walikuwa wamebanana humo mgongo kwa mgongo, na maji yalikuwa mazito, ya kijani kibichi kinachokaribia weusi. Harufu ilitufikia kabla hatujasimamisha gari.

Kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hutoa kinyesi majini. Mto ukitembea, kinyesi hicho ni chakula: kinasambaa, kinalisha wadudu wa majini, wadudu wanalisha samaki. Mto ukisimama, kinarundikana. Vijidudu vinavyokiozesha vinamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Keenan Stears na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, waliyapima madimbwi ya mto huu na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Pale viboko walipojazana wakati mto umesimama, samaki walipungua na aina za wadudu wa majini zikapungua pia. Maji yaliporudi, uhai ulianza kurudi. Mnyama yule yule anayeurutubisha mto anageuzwa kuwa sumu yake, na kosa si lake.

Kando ya dimbwi nilimwona kambale mmoja akipanda juu kuvuta hewa, akazama, akapanda tena. Kambale anaweza kuvumilia hivyo. Samaki wengine wengi hawawezi.

Askari alisimama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwezi wa kumi na moja huwa wanaanza kupigana. Dume kubwa linaondoka usiku kutafuta maji, na si wote wanaoyapata."

Si kwamba hakuna aliyejali. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza London kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, familia nyingi zikahama kwa machungu, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya hifadhi. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kuunusuru mto. Mchanga niliosimama juu yake ulikuwa ushahidi kwamba kuondoa kundi moja la watu hakujarudisha maji. Ng'ombe walikwenda, milango ya mabanio ilibaki wazi.

Safari yangu niliimalizia kwenye bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilijengwa kuhifadhi maji kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu, na katika miaka ya 1990, umeme ulipokatika miji yetu ikawa gizani, watu wa Usangu walibebeshwa lawama. Wataalamu waliochunguza hesabu za maji walionyesha kwamba mabwawa hujazwa na mafuriko ya masika, na kwamba namna ya kuyaendesha nayo ilichangia upungufu. Maji ya kiangazi ni machache mno kwa mitambo. Kwa kiboko na kambale ndiyo uhai wote. Tulizoea kuuliza kuhusu mto huu kwa sababu ya taa zetu, tukasahau walioishi ndani yake.

Kwa mama lishe mmoja karibu na bwawa niliagiza wali na perege. Nikamuuliza mchele wake unatoka wapi.

"Ubaruku, mwanangu. Husikii unavyonukia? Na perege katoka hapo hapo bwawani, asubuhi hii."

Niliitazama sahani ile. Wali wa mwanzo wa mto, samaki wa mwisho wa mto, na katikati yake dimbwi la Msembe ambalo halikuwa na nafasi mezani. Nilikula, maana chakula kilikuwa kizuri na mama yule alistahili kuona sahani tupu. Kisha nikatoa daftari nikaandika barua kwa jumuiya ya watumia maji ya mzee wangu wa banio. Niliwaeleza nilichokiona Msembe, nikawaomba wakae siku moja wapange zamu ya kiangazi: bustani zipate, vijiji vinywe, na kinachobaki kisiingie kwenye jaruba tupu. Mzee alikwisha kusema yuko tayari kuufunga mlango jioni ileile. Anangoja wenzake tu.