Lifti ya Leicester

Neno lifti tumelitumia tangu utotoni bila ya kuuliza limetoka wapi. Anayesimama kando ya barabara akimpungia mkono mwenye gari huomba lifti, na mgonjwa anayepelekwa ghorofa ya nne ya hospitali naye hupanda lifti. Asili yake ni neno la Kiingereza 'lift', yaani kuinua. Tulipotumwa na kamati ya msikiti wetu kwenda Leicester, Uingereza, kuangalia namna ndugu zetu wa huko wanavyoendesha misikiti yao, tulilisikia neno hilo likitumika kwao wenyewe, tukaona kuwa lina adabu zake.

Leicester ni mji wa katikati ya Uingereza, safari ya zaidi kidogo ya saa moja kwa treni kutoka London. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90 za kuondoka, halmashauri ya mji huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaasa wasiende huko. Walikwenda kwa maelfu. Leo, katika mitaa ya Highfields na Evington, mgeni aliyetoka pwani yetu anaweza kumaliza swala ya Adhuhuri akasalimiwa kwa Kiswahili na mzee aliyezaliwa Kampala au Jinja.

Tulikuwa huko mwezi wa Juni. Siku hizo jua huchwa baada ya saa tatu usiku, Isha husogea hadi kukaribia saa tano au kupita, na Alfajiri nayo haikawii. Mabasi ya usiku ni machache. Kwa hiyo, kila baada ya Isha, kwenye rafu za viatu mazungumzo ni hayo hayo: nani atamchukua nani.

Mwingereza hukuuliza kama unataka 'lift'. Mmarekani husema 'ride'. Anayepitia Ireland na atahadhari, kwani huko neno 'ride' lina maana nyingine isiyofaa kuchapishwa katika kurasa za familia. Aombe 'lift' awe salama. Watoto wa Leicester wana neno lao, 'croggy', nalo ni kupakiwa kwenye baiskeli ya mwenzio. Tulilicheka, ingawa sisi tuliozoea mishikaki ya bodaboda hatuna la kuwacheka wenzetu.

Lakini kilichotugusa hasa ni namna wanavyomkaribisha mtu garini. Ni nadra kusikia neno la msaada. Husema 'hop in', rukia ndani, kana kwamba ni mchezo. Husema 'I'll drop you off', nitakudondosha, kana kwamba abiria ni barua. Na inayotumika kuliko zote ni 'I'm going that way anyway', yaani mimi napita huko huko, uwepo usiwepo. Kila kauli huupunguza wema hadi uonekane si kitu, ili anayepewa asijihisi ana deni.

Katibu wa msikiti mmoja alitusimulia habari za mzee wao aliyepindukia miaka themanini. Alipoacha kuendesha gari kwa sababu ya macho, Alfajiri nayo ikakatika. Vijana wakamwendea kwa heshima zote: "Mzee wetu, tumekuja kukusaidia usafiri." Akawajibu kuwa yeye hajafikia hali ya kusaidiwa. Wakarudi mara mbili, akawarudisha mara mbili. Ndipo kijana mmoja dereva wa teksi, anayemaliza zamu usiku wa manane, alipobisha hodi kwake peke yake. "Shikamoo baba. Alfajiri napita na gari tupu, na usingizi unanichukua njiani. Ungekaa nami tukazungumza." Mzee akavaa kofia yake.

Tulimwona wenyewe, amekaa kiti cha mbele, bakora katikati ya magoti, akimwelekeza dereva njia ambayo dereva anaijua. Nasi, kwa tabia ya wanachuo, tulimuuliza yule kijana kama kweli nyumba ya mzee ilikuwa njiani kwake. Alicheka. Ilimbidi azunguke kidogo, alisema, ila usingizi ulikuwa wa kweli.

Wanao usemi mwingine, 'a leg up', uliotokana na kupanda farasi: mpandaji hukunja mguu mmoja, mwenzake akaushika chini ya goti na kumwinua hadi kwenye tandiko. Siku hizi husemwa kwa kijana aliyepatiwa kazi ya kwanza au mtaji wa kuanzia. Sisi ulitukumbusha safari ya kurejea kutoka Khaybar. Amepokea Bukhari kuwa Mtume (SAW) alikaa kando ya ngamia wake, akaweka goti lake, na Bibi Safiyya (RA) akakanyaga juu yake akapanda. Lipo pia 'boost', ambalo mafundi wetu wamekwisha kulifanya kubusti betri. Hilo halihitaji maelezo.

Kwa kina mama jambo hili ni zito zaidi, maana hapo ipo mipaka ya faragha na asiye maharimu. Bibi Asmaa binti Abubakar (RA), mke wa Zubeir, alikuwa akitembea na mzigo wa kokwa za tende kichwani alipokutana na Mtume (SAW) akiwa na baadhi ya Ansari. Mtume akamwita na kumpigisha ngamia magoti ili ampakie nyuma yake. Asmaa akaona haya kwenda na wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe. Mtume alitambua kuwa ameona haya, akaendelea na safari yake bila ya kumshikilia. Zubeir alipoelezwa alisema kuwa ule mzigo kichwani ulimuuma zaidi kuliko kama mkewe angepanda.

Huko Leicester wamelitatua kwa kina mama wenye magari kuwachukua kina mama wenzao, na orodha yao hubandikwa kwenye mlango wa upande wa wanawake. Tumeiweka hoja hiyo katika ajenda ya kikao chetu kijacho. Kina mama watatu wameshajiandikisha, na mmoja wao ameuliza kama anaruhusiwa kuandika tu kwamba anapita huko huko.