Wanaowasha Taa

Kila Sabato asubuhi, katika masinagogi mengi ya Wayahudi, Torati ikishasomwa husomwa pia ombi la baraka kwa ajili ya watu wa kawaida kabisa. Wanaombewa walioanzisha nyumba ya sala na wanaokuja kusali humo. Wanaombewa wanaogharimia taa, wanaotoa divai ya Sabato, wanaolisha wasafiri na kuwakumbuka maskini. Mwisho wanaombewa wote wanaoshughulikia mahitaji ya jumuiya kwa uaminifu. Ombi hilo halingoji mtu astaafu au afe. Linarudi kila juma.

Sisi tuliopita chuo cha theolojia tulisoma mengi kuhusu Hekalu na makuhani wake. Lakini Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70 B.K., madhabahu ilikoma na sinagogi likabaki. Lilibaki kwa sababu mzigo wake ulikuwa mabegani mwa watu wengi. Neno rabi maana yake ni mwalimu, na rabi hatoi dhabihu. Kwa ibada kamili wanahitajika watu wazima kumi, ambao kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi ni wanaume tu. Rabi akisafiri, ibada inaendelea. Wakipatikana tisa tu, sehemu kadhaa za ibada haziwezi kusomwa, hata kama rabi ni mmoja wao.

Agano Jipya linawajua watu hawa. Yairo na Krispo walikuwa wakuu wa sinagogi. Katika Luka 4:20 yumo mtumishi asiyetajwa jina, ambaye Bwana Yesu alimrudishia chuo cha nabii baada ya kukisoma. Kazi yake ilikuwa kutunza vyuo.

Kielelezo kilicho karibu nasi kiko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, aliyekuwa kamanda mashuhuri wa Kiganda, alisoma Agano la Kale akaamua kuishika Torati pamoja na watu wake. Waliitwa Abayudaya. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na wazee wakaendelea kuiongoza jumuiya kwa miongo mingi. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kusali kwa siri hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1979. Mwaka 2008 kijana wa jumuiya hiyo, Gershom Sizomu, alimaliza masomo katika chuo cha marabi huko Los Angeles, akawekwa wakfu na kurudi nyumbani kuwafundisha watu wake. Kiongozi mwingine wao, J.J. Keki, mkulima wa kahawa, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wauze kahawa yao pamoja.

Tunapomheshimu rabi huyo, tunawaheshimu pia wazee waliomtangulia. Kama wasingeshika Sabato milango ikiwa imefungwa, asingekuwako wa kumpeleka chuoni, wala asingekuwa na watu wa kurudia.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Mlutheri ajifunze kwa sinagogi, ilhali Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu chenye maneno makali na mabaya dhidi ya Wayahudi. Makanisa ya Kilutheri, likiwamo lile la Kiinjili la Kilutheri la Marekani mwaka 1994, yameyakataa maneno hayo waziwazi. Lakini Luther huyohuyo alitufundisha ukuhani wa waamini wote, na fundisho hilo ndilo tunalopaswa kujipima nalo.

Tujipime basi. Mitaa yetu mingi humwona mchungaji kwa zamu. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele ni mwinjilisti, na anayefungua mlango, kupanga mabenchi na kuhesabu sadaka ni mzee wa kanisa. Mchungaji akihamishwa tunamwaga kwa kitenge, mbuzi na risala ndefu. Mtunza hazina tunamtaja siku hesabu zisipolingana. Mama anayefua vitambaa vya madhabahu tunamsikia kwa mara ya kwanza katika wasifu wa marehemu, jeneza lake likiwa mbele yetu, naye hasikii tena. Kisha ukifika uchaguzi wa baraza la wazee, tunashangaa vijana wanapoinamisha vichwa wasipendekezwe. Wameona jinsi tunavyowatendea waliotangulia.

Wapo wanaosema kwamba Mungu ndiye atakayewalipa. Ni kweli. Hata hivyo Paulo, aliyeliamini hilo kuliko sisi, aliwaagiza Wathesalonike wawatambue wanaojitaabisha kati yao. Katika Warumi 16 aliwataja kwa majina Fibi, Priska, Akila, Mariamu na wengine wengi.

Hofu ya kwamba heshima itazaa majivuno nayo ina msingi, maana Bwana aliwakemea waliopenda viti vya mbele. Hapo desturi nyingine ya sinagogi inatusaidia. Katika Sikukuu ya Furaha ya Torati, mzunguko wa masomo wa mwaka unapokamilika, mtu mmoja huitwa kwenye fungu la mwisho la Kumbukumbu la Torati, na mwingine kwenye fungu la kwanza la Mwanzo. Wanaitwa bwana arusi wa Torati na bwana arusi wa Mwanzo. Sharika nyingi huwapa nafasi hizo watu waliozitumikia kwa muda mrefu. Heshima yao ni kusogezwa karibu na Neno, na mara baada ya fungu la mwisho Neno linaanza upya.

Jambo hili halihitaji bajeti. Baraza la wazee linaweza kuandika orodha ya wanaobeba usharika, kuanzia mwinjilisti hadi mlinzi wa usiku, na kila Jumapili majina mawili yakatajwa katika maombi ya kanisa. Sikukuu ya Mavuno ikifika, mzee aliyehudumu miaka thelathini aitwe asome somo la siku. Kama macho yamefifia, mjukuu wake amshikie kitabu na kumsomea polepole, naye arudie kwa sauti yake.