Vichwa Nje ya Meza

Jumapili, 9 Machi 2025. Temeke

Ramadhani hakuna harusi wala kichen pati, simu imetulia. Nimemwaga mkoba mzima kitandani. Brashi ya poda iliyokuwa nyeupe ni ya kijivu. Ya faundesheni imekakamaa ncha. Ya wanja nikiiburuta kiganjani inaacha mstari, na wanja wenyewe ni wa harusi za Januari.

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Bomba halitoi, na kisima cha jirani ni cha chumvi. Sabuni ya mche kwenye maji yale haitoi povu. Inashikana na chokaa iliyomo na kuacha utando mweupe, na utando huo unaganda kwenye nywele za brashi hadi zinachoma ngozi. Watu wanailaumu brashi ya Kariakoo, kumbe maji. Nimeamua hivi: kuoshea maji ya kisima na shampuu ya mtoto, ambayo haisumbuliwi sana na chumvi, kisha ndoo moja ya kununua kwa muuza maji iwe ya kusuuzia tu. Ndoo moja inatosha mkoba mzima kama mtu hana pupa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeosha baada ya alasiri, binti wa kaka akinisaidia na kuniuliza maswali mpaka adhana ya magharibi.

Za poda hazina kesi, zinaachia haraka. Za krimu na faundesheni ndizo zenye ukaidi, kwa sababu uchafu wake ni mafuta na maji hayaugusi. Tone la mafuta ya nazi kwanza, kuzungusha kiganjani mpaka rangi ianze kutoka, ndipo tone la sabuni ya vyombo lije kuondoa mafuta yote, ya nazi na ya faundesheni. Kuzungusha, siyo kusukuma. Ukisukuma nywele zinatawanyika na haziungani tena.

Na ncha ielekee chini muda wote. Maji yakipanda hadi kwenye lile bati linaloshika nywele, gundi iliyomo ndani inalegea, na mti wa mpini unavimba, rangi inabanduka. Brashi inayomwaga nywele kwenye shavu la bi harusi mara nyingi haijazeeka. Imelazwa kwenye beseni usiku kucha.

“Shangazi, si tuzichemshe tu kama chupa za mtoto? Vijidudu vyote vife.”

Vitakufa, nikamwambia, na gundi nayo.

Ile kubwa ya nywele za mbuzi nimeiosha mwenyewe, sikumpa. Zile ni nywele kama za kichwani, zina magamba madogo yanayoshika poda vizuri, na sabuni ya vyombo ikizoea kupita hapo zinakuwa ufagio. Shampuu basi. Za nailoni hazina magamba hayo, hazinywi, ndiyo maana ninazipa kazi ya vitu vya majimaji na sizionei huruma sana.

Kuosha kumeisha kabla ya futari. Kukausha ndiyo kazi. Nimezikamua kwa taulo, nikarudisha umbo kwa vidole, nikazilaza mezani vichwa vikiwa nje ya ukingo ili hewa ipite juu na chini. Binti alikwishazisimamisha tatu kwenye kikombe, zilikuwa zimependeza kama maua. Nikazitoa. Ukiisimamisha brashi mbichi, maji yote unayateremsha kwenye gundi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekata sponji ya binti wa kaka katikati kwa kisu cha jikoni. Alilia kwanza, kisha akasogea kuangalia.

Nje ilikuwa waridi safi. Ndani madoa meusi, ukungu umeshatengeneza kijiji. “Lakini naiosha kila Ijumaa!” Namwamini. Anaiosha, anaikamua, anairudisha kwenye kijaluba chake cha plastiki na kufunga kifuniko. Katikati haijawahi kukauka. Ukungu ukishaingia huko hautoki kwa sabuni yoyote. Sponji inakwenda jalalani.

Nilimsomea habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Aston cha Birmingham, Uingereza, wa mwaka 2019. Walipima vipodozi vilivyokwisha kutumika, na sponji ndizo zilizokutwa na vijidudu vingi kuliko vyote. Asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa hata mara moja, na asilimia 64 ziliwahi kuanguka sakafuni. Vijidudu vyenyewe ni pamoja na E. coli, yule wa kinyesi. Hapo akaacha kulia.

Mimi kinachonishughulisha ni jambo jingine. Sponji hii ya umbo la yai ilibuniwa na Rea Ann Silva, mpambaji wa Hollywood, ikaanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kamera za kisasa zilipoanza kuonyesha kila mstari wa poda usoni. Matumizi yake ni kuilowesha kwanza: ikishashiba maji inavimba, hainywi faundesheni, na inaacha uso laini. Ni chombo cha kufanya kazi kikiwa kibichi. Sasa kilete pwani, ambako hata chumvi mezani inalowa. Vidokezo vyote ninavyoviona mitandaoni vinahangaika na sabuni gani, chapa gani, harufu gani. Hakuna anayeuliza itakaukia wapi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeshinda. Brashi nilizoosha jana bado zina ubaridi ukizigusa mzizini, ingawa ncha ni kavu. Mzizi ndio unaosema kweli. Feni inasaidia, umeme ukiwepo.

Mama anasisitiza nianike juani, jua linaua kila kitu. Kwa kanga na vitambaa vya taulo, ndiyo. Jua kali linaifanya sponji kuwa ya njano na kuanza kumeguka, na rangi ya mpini inapasuka. Kivuli chenye upepo kinashinda. Nimechukua ule mfuko wa wavu wa vitunguu, nikaufua, nikatia sponji, nikautundika dirishani pande zote zikipata hewa. Wageni wanauliza kama ni mtego wa panya.

Jumapili, 6 Aprili

Mfungo Mosi, na harusi zimefumuka zote kwa pamoja. Jana bi harusi, mama yake, somo wake, na wadogo zake wawili waliokuja “kupakwa kidogo tu” kwa brashi ile ile.

Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10. Hilo ni la mtu anayejipaka mwenyewe. Kwa anayepamba watu ni kila uso, na kwenye chumba cha bi harusi hakuna beseni wala muda. Hapo ndipo spiriti inapoingia: ya asilimia 70, kwa sababu ile kali zaidi inaruka kabla haijafanya kazi. Nafuta rangi yote kwanza kwa tishu, ndipo nanyunyiza, nangoja ikauke. Ukinyunyizia juu ya uchafu, umeusalimia tu. Na kwa sponji haifai kabisa, haifiki katikati.

Kwenye macho siiamini hata spiriti. Tangu ugonjwa wa macho mekundu wa Januari 2024, maskara napaka kwa vijiti vya kutumia mara moja, na wanja wa krimu nauchota kwenye kisahani, sirudishi kitu kwenye kopo. Somo wa jana alisema najidai daktari. Sikumjibu, nikampa kijiti chake.

Ijumaa, 25 Aprili

Kariakoo wameleta kimashine cha umeme cha kuoshea brashi, kinazungusha. Nilikijaribu kwa muuzaji. Kuosha kwake ni kwa kawaida, mkono unafanya vizuri zaidi na kwa huruma, ila kinapozungusha bila maji kinakamua vilivyo. Sijanunua. Kwa pesa ile nimechukua seti ya pili ya brashi za kati, za nailoni. Seti mbili za bei ya wastani zinakaa vizuri kuliko moja ya fahari, maana moja inakauka siku nzima na nusu wakati nyingine iko kazini, na sipakii mkobani kitu chenye ubichi.

Sponji nimebadilisha utaratibu kabisa. Kila bi harusi yake, mpya, akimaliza anaondoka nayo, na karatasi niliyomwandikia: ioshe, ikamue bila kuisokota, iache wazi, itupe baada ya miezi mitatu au ikichanika. Wa kesho ana chunusi kidevuni, na yake ipo tayari kwenye bahasha. Gharama nimeshaiingiza kwenye bei. Mama mtu aliuliza kwa nini nimepandisha, nikamwonyesha nusu ya ile sponji niliyoikata Machi. Kalipa.