Mvegani asiyependa mboga

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza limeishia wapi. Limeishia jikoni. Leo mtanivumilia niongee kuhusu chakula, lakini msihofu, tarakilishi itaingia tu.

Mwaka 2024 kampuni ninayofanyia kazi ilipewa kazi ya kutengeneza programu ya mizani ya kichinjio kimoja nje ya Nairobi. Mimi ndiye niliyetumwa kuifanyia majaribio. Kila mnyama alipewa nambari mlangoni, na nambari hiyo hiyo ilitakiwa itokee upande wa pili ikiwa na uzani. Anaingia kama rekodi moja, anatoka kama rekodi nne: nyama, ngozi, kichwa na miguu, matumbo. Siku 8 za kwanza niliona tarakimu tu. Siku ya 9 mfumo ukaniletea kosa: rekodi imefunguliwa, haijafungwa. Nikavaa gambuti nikaenda kuangalia. Kumbe ng'ombe mmoja alikuwa ameteleza akarudi nyuma, amesimama kwenye kona ananitazama. Nambari 0417. Nikangoja pale, daftari mkononi, mpaka rekodi yake ikafungwa, ili nimalize jaribio langu.

Sikulia. Wala sina neno baya kuhusu wale watu, walifanya kazi yao kwa usafi na bila ukatili. Lakini jioni ile nilishindwa kula nyama, na kesho yake pia. Miezi miwili baadaye nikaacha maziwa na mayai, maana baadhi ya ng'ombe waliopita kwenye mizani yangu walikuwa wa maziwa waliozeeka, na mimi siwezi kujifanya sijaona. Mtu asiyekula nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali huitwa vegani. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake.

Sasa tatizo ni hili: mimi sipendi mboga. Sizungumzii mboga kwa maana ya ndugu zetu wa Tanzania, ambao huita mboga chochote kinachoteremsha ugali, hata samaki. Nazungumzia majani. Sukuma wiki, kabichi, spinachi, managu, mrenda. Nimezaliwa katika nchi ambayo sukuma wiki ni kama hewa, na tangu utotoni nilikuwa nikiificha chini ya ugali halafu namwachia mbwa. Mbwa naye hakuitaka. Shule ya bweni ikamaliza kazi, kwa kabichi iliyochemshwa tangu asubuhi mpaka jikoni kunanuka kiberiti. (Harufu ile ni ya salfa iliyomo ndani ya kabichi, kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi kutoka.)

Nikija kusoma nikagundua huenda si utundu tu. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alimwaga unga fulani maabara, ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu kama nini, Fox mwenyewe hakusikia chochote. Ndivyo ilivyojulikana kwamba watu hatuonji uchungu kwa kipimo kimoja. Mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni inayohusika, TAS2R38, na jamii ya kabichi, ambamo sukuma wiki imo, ina kemikali zinazofanana na ule unga. Sijapimwa. Nimejipa tu haki ya kujitetea.

Basi mtu akisikia huli nyama hukuonea huruma: "Kwa hiyo unakula majani tu?" Nilikuwa naona aibu kujibu kwamba hata majani sili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula chipsi. Chipsi ni chakula cha kivegani kabisa, hata ukizila mara mbili kwa siku. Mkate mweupe, mandazi yasiyo na maziwa, biskuti fulani, na chai ya rangi kikombe baada ya kikombe, maana mtu wa programu bila chai hafanyi kazi. Nilijisifu kwamba sina dhambi. Mwezi wa 5 nikaanza kuona giza nikipanda ngazi za ofisi. Siku moja nikakaa chini katikati ya ngazi nikashindwa kuinuka, mlinzi ndiye aliyenishika mkono.

Zahanati wakanipima damu: gramu 9.2 za himoglobini kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Daktari hakuniuliza kuhusu nyama. Aliuliza, "Unakunywa vikombe vingapi vya chai?" Nikasema sita, saba. "Pamoja na chakula?" Pamoja na chakula. Akaniambia madini ya chuma ya kwenye mimea ni magumu kufyonzwa kuliko ya nyama, na chai inayazuia zaidi, ila vitamini C inayasaidia. Kwa hiyo hata kile kidogo nilichokuwa nakipata nilikuwa nakiosha na chai. Akaniandikia vidonge vya chuma, akasema nirudi na mpango wa chakula ulioandikwa.

Mpango ulioandikwa! Hapo ndipo laptopu ikafunguliwa.

Tatizo la chakula ni la zamani sana katika fani yetu. Mwaka 1945 mwanauchumi wa Marekani, George Stigler, aliuliza: mtu mzima akitaka kupata virutubisho 9 muhimu kwa bei ya chini kabisa, akichagua katika vyakula 77, ale nini? Kwa kukisia kwa akili alipata dola 39.93 kwa mwaka mzima, kwa bei za 1939. Orodha yake ilikuwa na unga wa ngano, maziwa ya kopo, maharagwe makavu, na mtanisamehe, kabichi na spinachi. Kabichi peke yake karibu kilo 50. Mwaka 1947 George Dantzig akaleta mbinu yake ya simplex, na tatizo hilo likawa moja ya majaribio yake ya kwanza makubwa. Makarani wakiwa na mashine za mezani za kukokotoa walitumia kiasi cha siku 120 za kazi, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Dantzig mwenyewe. Miaka ya 1950 daktari alimwambia apunguze uzani, akaamua atakula chochote tarakilishi itakachomwambia. Alitaka chakula kinachojaza tumbo, kwa hiyo akapima uzito wa chakula ukitoa maji. Tarakilishi ikamwambia anywe galoni 500 za siki, kwa sababu katika jedwali lake siki iliandikwa haina maji! Akaiondoa siki. Ikamwambia ale vidonge 200 vya supu kwa siku. Alijaribu vinne ndani ya kikombe kimoja cha maji, akatema kwa chumvi. Kila aliyewahi kuandika programu anajua hali hii: mashine imefanya ulichosema, tena kwa uaminifu.

Mimi nilitumia Python na maktaba iitwayo PuLP. Nikaorodhesha vyakula 41 vya soko la mtaani kwetu, bei nikaziandika mwenyewe kwa kuzunguka na daftari, gorogoro ya maharagwe shilingi ngapi, ya ndengu ngapi, mapera, wimbi, simsim. Nikaweka masharti: nishati, protini, chuma, kalsiamu, vitamini. Nikabonyeza. Jibu likaja baada ya sekunde moja: hakuna suluhisho.

Nilitafuta kosa usiku kucha. Nikaondoa sharti moja moja mpaka nikalipata, na halikuwa kosa la msimbo. Lilikuwa vitamini B12. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, na katika vyakula vyangu 41 safu ile ilikuwa sifuri kuanzia juu hadi chini. B12 hutengenezwa na bakteria. Mimea haina ya kutegemewa, sisi tunaipata kupitia wanyama. Unaweza kula ekari nzima ya sukuma wiki usiipate. Ubaya wake ni kwamba ini huweka akiba, hivyo upungufu unaweza kukuvizia kwa miaka kabla ya kuanza kuharibu neva. Tiba ni rahisi, ni kidonge, na kila vegani anakihitaji, apende mboga asipende. (Watu wa tarakilishi tuna deni hapa. Muundo wa B12 uliochapishwa mwaka 1956 ulifumbuliwa na Dorothy Hodgkin wa Oxford, na mahesabu yake mengi yalifanywa na Kenneth Trueblood kule California kwa mashine iliyoitwa SWAC. Hodgkin alipata tuzo ya Nobel mwaka 1964.)

Nikaongeza kidonge kama chakula cha 42. Sasa suluhisho likapatikana, tena la bei nafuu. Unga wa mahindi, maharagwe, wimbi, na sukuma wiki, rundo kubwa kila siku ya Mungu. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku. Miaka 80 baada ya Stigler, mashine bado inataka nile kabichi.

Nikafuta mstari wa sukuma wiki. Ikaniletea spinachi. Nikafuta majani yote, bila huruma. Nikadhani itasema tena hakuna suluhisho, kama walivyosema watu wote walionihurumia. Haikusema. Ilileta viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa kwa ajili ya vitamini A, mapera kwa ajili ya vitamini C, ikaongeza wimbi, ambao una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100, na simsim kidogo. Bei ilipanda kwa shilingi 19 kwa siku. Niliitazama ile nambari kwa muda mrefu. Tangu utotoni nimeambiwa nitakufa nisipokula mboga, kumbe ubishi wangu una bei, na ni pungufu ya nauli ya matatu.

Tangu hapo nakula hivi. Asubuhi uji wa wimbi uliochachushwa, maana kuchachusha husaidia chuma kufyonzwa. Mchana ndengu au maharagwe yaliyolowekwa usiku, na ndimu juu yake. Jioni mbaazi za nazi nilizofundishwa na mwenzangu wa ofisini kutoka Mombasa, au githeri na parachichi. Pera au chungwa baada ya chakula, na chai inangoja saa nzima. Hilo la chai ndilo gumu kuliko kuacha nyama. Nyanya na vitunguu vikipikwa mpaka vipotee sivihesabu kama mboga. Karoti ikikunwa ndani ya chapati naijua ipo, lakini tumekubaliana tusisalimiane. Baada ya miezi 3 damu ilikuwa 12.4.

Ila kuna sharti ambalo sikuliandika kwenye programu. Desemba nilikwenda Kakamega kwa Kukhu, nyanya yangu. Wanaotujua Waluhya wanajua mgeni asiyepewa ingokho hajakaribishwa, na Kukhu alikuwa amenifugia jogoo? La, tembe jike, mnono, amemfunga miguu tayari pale mlangoni. Nikasema, "Kukhu, siku hizi sili kuku."

Akauliza, "Ni daktari au ni kanisa?"

Nikasema si daktari wala kanisa. Nikamweleza habari za 0417, kwa kirefu, mpaka ile daftari. Alisikiliza akichambua maharagwe bila kuniangalia. Nilipomaliza akasema, "Na ng'ombe niliyemuuza ukaenda chuo, ulidhani alikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Sina hata leo. Shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi ililipiwa muhula mzima na ng'ombe yule, namkumbuka mpaka doa lake la paji la uso, na mimi nilipokea zile pesa nikashukuru. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiangalia miguu yangu.

Baadaye akanipa mrenda. Nikamwambia, kwa sauti ndogo sana, kwamba hata mrenda siuwezi. Hapo ndipo alipocheka, akamwita shangazi aje asikie. "Hataki kuku, hataki mrenda. Sasa huyu ni mtu wa aina gani?" Wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi kwa leso. Jioni akaleta sahani ya mushenye, viazi vitamu na maharagwe vilivyopondwa pamoja, moto bado unafuka, na kando yake njugu mawe za kuchemsha. Akasema chakula hicho walikuwa wakila watoto. Nilikula sahani mbili. Nilipoingiza vipimo vyake kwenye programu baadaye, ilikosa kalsiamu tu.

Kuku hakuchinjwa. Kukhu alisema ni wangu na alichopewa mtu hakirudishwi, kwa hiyo amebaki kule kwa jina langu. Juzi alinipigia simu kunijulisha kwamba ameanza kutaga. Mayai anakula yeye.