Mwanachama na Makato Yake

Tunaokumbuka majina ya vyombo vya wafanyakazi Tanzania, TFL, NUTA, JUWATA na OTTU, hadi TUCTA ya leo, huyasimulia kama historia ya vyama. Lakini aliyebadilika zaidi ni yule anayeitwa mwanachama. TFL ilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, mwanachama alikuwa mtu aliyejiunga kwa hiari, akatoa ada, na siku ya mgomo akahatarisha kibarua chake. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama walitiwa ndani, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Tangu hapo uanachama ulianza kusomeka zaidi kwenye makato ya mshahara kuliko kwenye mikutano.

Wapo wanaosema taifa changa lilihitaji umoja, si migomo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kwa nini Mwongozo wa TANU, waraka wa chama tawala uliokemea ubabe wa viongozi, ulipotoka mwaka 1971 wafanyakazi viwandani waligoma na kuwafungia nje mameneja bila kuongozwa na NUTA. Waliokatwa ada kila mwezi walitafuta mahali pengine pa kusemea.

Miaka mingi baadaye, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka wazi hiari: mwajiri hakati ada ya chama mpaka mfanyakazi aidhinishe kwa maandishi, kwa fomu TUF 6. Hata hivyo inaruhusu pia ada ya uwakala, ambayo chama chenye wengi kikikubaliana na mwajiri hukatwa asiye mwanachama, isizidi ada ya mwanachama. Watetezi wake wanauliza: nyongeza ikipatikana, naye si ataipokea? Ni kweli, na kuchangia gharama ya majadiliano ni haki. Ila kulipa si kujiunga, na sheria yenyewe imemtenganisha mwanachama na anayelipa tu. Chama kinachowahesabu pamoja kinajidanganya kuhusu nguvu yake, kwa sababu asiye mwanachama hawezi kumpigia kura wala kumwondoa kiongozi. Basi, ndugu mfanyakazi, chukua slipu yako ya mshahara uulize hicho kinachokatwa ni ada ipi. Ukiwa mwanachama, nenda mkutanoni ukadai mapato na matumizi.