Je, Injini Hii ni Kamili?

Huenda mtacheka mkisikia ya kuwa karani wa parokia, mtu mzima mwenye mke na watoto, ameshinda siku tatu ofisini akichungua magarimoshi ya kuchezea. Chekeni tu, kisha nisikilizeni.

Padre mmoja mzee, Mjerumani, aliporudi kwao kupumzika, aliiachia parokia yetu sanduku la magarimoshi ya mfano ya kiwanda cha Märklin, mjini Göppingen. Alitaka yauzwe, na fedha zake zinunue bati za shule ya watoto wadogo kigangoni. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1859, na mwaka 1935 kikaanza kuuza magarimoshi madogo ambayo njia yake ina upana wa milimita 16.5. Kila kitu hupunguzwa mara 87 hivi. Basi chuma cha kushikia chenye unene wa sentimeta tatu huwa hakifiki hata nusu milimita. Si ajabu vitu hivyo vikivunjika na kupotea.

Na hapo ndipo penye shida. Wanunuzi, ambao wengi wako Ulaya na Marekani, hutaka kwanza kujua kama injini ni kamili. Ikipungua taa moja, na bei hupungua. Mzee mmoja wa kamati yetu ya fedha alishauri tuandike "nzima" tunyamaze, maana mnunuzi yuko mbali. Nikamwambia, "Mzee wangu, huko mbali ndiko zitakakotoka barua za kudai fedha zirudishwe, na bati tumekwisha kuzipigilia." Akaguna, akaniachia kazi.

Haya, injini huchunguliwaje? Tandika kitambaa cheupe mezani, ili kipande kikidondoka kionekane. Kisha linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Vitu vingi huenda viwili viwili: mabafa, yaani vile visahani vya mbele na nyuma vya kupokea kishindo, taa, ngazi za dereva, vyuma vya kushikia. Akiwapo mmoja na mwenziwe hayupo, tazama mahali pake kwa kioo cha kukuzia. Tundu tupu, tone la gundi kavu, rangi isiyofifia: hao ni mashahidi. Nami hutaka wawe wawili au watatu, kama Torati iagizavyo.

Lakini si kila kisichokuwapo kimepotea. Hili ndilo lililonichosha zaidi. Injini nyingi za miaka ya 1950 zilisubuliwa kwa madini mazito, na vyuma vya kushikia vikafanywa mistari iliyoinuka kwenye mwili wenyewe. Ukivitafuta vimesimama peke yake hutaviona, navyo havikuwapo tangu kiwandani. Injini nyingine zilitiwa taa mbele tu. Za umeme, nyingine zina mikono miwili juu ya paa, nyingine mmoja. Na katika injini za miaka ya karibuni, mara nyingi mipira ya breki huwekwa katika kimfuko, mwenyewe aibandike akipenda, maana yaweza kuzuia kiungo kisigeuke penye kona. Hapo ni kuuliza kimfuko kiko wapi. Kwa hiyo yapasa kutafuta picha katika orodha ya kiwanda, ya namba ile ile na mwaka ule ule. Picha ya garimoshi la kweli itakudanganya, maana lile lina vitu vingi kuliko mfano wake.

Ipindue pia. Injini hizi za Märklin zina chini ya tumbo kipande kirefu cha chuma kinachopokea umeme katikati ya njia. Kikikosekana, haiendi hata hatua moja. Injini za viwanda vingi vingine hupokea umeme kwenye reli mbili zenyewe, basi huko usikitafute. Hesabu na skrubu.

Msisahau sanduku. Nilikung'uta karatasi za kufungia, zikadondoka bafa moja na ngazi moja. Fundi saa wa jirani alijitolea kuvibandika kwa gundi kali. Nikamshukuru, nikakataa, maana gundi ikifurika huharibu rangi ya asili, nayo ndiyo ipendwayo na wanunuzi. Vimekaa katika bahasha, juu yake namba ya injini.

Katika injini saba, nne ni kamili. Ya tano na ya sita vipande vyao ndivyo vilivyo katika bahasha. Ya saba nimeiandika hivi: "Nyeusi, ya makaa. Bafa la nyuma, kulia, halipo, tundu lipo." Mzee wa kamati ameisoma orodha, akauliza kama bafa laweza kuchongwa kwa msumari. Laweza. Lakini basi itanipasa kuandika kwamba ni msumari.